Wapenzi wa ndege kongwe watunza historia ambayo Kagera haijaiandika

Na Mwandishi Wetu, Murongo

MTU akifika Murongo, mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Kyerwa, akiwa na darubini shingoni na kamera yenye lenzi ndefu, wenyeji watadhani amefuata viumbe wa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka 2019. Akisema kuwa anachofuatilia ni ndege, ndiyo kwanza watamwelekeza huko huko hifadhini. Kiswahili kimempa jina moja kiumbe mwenye manyoya na chombo chenye injini, na ni sarufi pekee inayoweza kumwokoa mgeni huyo: hakuja kuwaona ndege wale, amekuja kuziona ndege zile.

Watu wa namna hiyo wapo, na katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani ni wengi. Si marubani, wala si waajiriwa wa mashirika ya ndege. Ni walimu, mafundi, madereva na wastaafu ambao siku ya mapumziko huamka alfajiri, wakasimama kando ya uzio wa uwanja wa ndege na kuandika katika daftari namba ya kila ndege inayotua na kuruka. Kilele cha starehe yao ni maonesho ya ndege, hasa yale ambayo huzirusha ndege kongwe: za miaka ya 1930 zenye mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na jeti za mwanzo ambazo zimebaki chache.

Huenda msomaji akauliza yote hayo yanamhusu nini mkulima wa kahawa wa Murongo. Jibu la mwandishi wa makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya historia ya ndege za Afrika Mashariki, zikiwamo zilizosajiliwa Tanzania, leo imo katika madaftari na picha za watu hao, ilhali mkoa huu, ambao uliifahamu ndege kwa namna ya uchungu kuliko mikoa mingi nchini, haujaandika sehemu yake.

Tuanze na ufundi wenyewe, kwa kuwa mara nyingi hudharauliwa. Ndege ya pangaboi haipigwi picha kama ndege ya jeti. Kwa jeti, mpigapicha huiruhusu kamera ipokee mwanga kwa sehemu moja tu ya 1,000 ya sekunde, na chombo hutoka kikiwa wazi bila ukungu. Akifanya hivyo kwa Dakota ya miaka ya 1940, panga huonekana zimesimama kabisa, kana kwamba injini imezimika angani na abiria wameanza kusali. Kwa hiyo hushuka hadi sehemu moja ya 160 ya sekunde, au hata ya 100, ili panga zionekane zikizunguka. Hapo mkono ukitetemeka kidogo tu, picha nzima imeharibika. Dawa yake ni kugeuka pamoja na ndege kuanzia kiunoni, miguu ikiwa imetulia, na kuendelea kugeuka hata baada ya kubonyeza. Picha nyingi hutupwa.

Ufundi wa pili ni kusoma namba. Kila ndege ya kiraia duniani huandikwa ubavuni namba ya usajili, na herufi za mwanzo hutaja nchi. Tanzania ni 5H, Uganda ni 5X, Kenya ni 5Y, Rwanda ni 9XR na Burundi ni 9U. Aliyesimama Murongo yuko katika 5H, na akitazama ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Kikagati, anatazama 5X. Wakati wa ukoloni Tanganyika ilikuwa VR-T, Kenya VP-K na Uganda VP-U, hivyo picha ya zamani isiyo na tarehe yoyote inaweza kukadiriwa umri wake kwa herufi hizo peke yake.

Namba ya usajili, hata hivyo, hubadilika ndege inapouzwa. Isiyobadilika ni namba ya kiwandani, ambayo ni sawa na namba ya chesisi ya gari. Gari linaweza kupakwa rangi mpya na kupewa namba nyingine za barabarani, lakini fundi akifunua boneti ataijua asili yake. Wafuatiliaji wa ndege huishi kwa kanuni hiyo, na ndiyo iliyowawezesha kuzifuata ndege zetu hadi mwisho wa maisha yake.

Mfano bora ni VC10. Ndege hiyo ilibuniwa nchini Uingereza mahsusi kwa viwanja vya aina ya vyetu, vyenye joto, vilivyo juu sana kutoka usawa wa bahari na vyenye njia fupi za kurukia. Uwanja wa Nairobi, kwa mfano, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na hewa nyepesi huyapa mabawa kitu kidogo cha kuegemea na huzipunguzia injini nguvu. Waundaji wakaiwekea VC10 injini nne za Rolls-Royce, zote nyuma karibu na mkia, ili mabawa yabaki wazi na yafanye kazi ya kunyanyua peke yake. Ilikuwa ndege nzuri kwa sura na yenye kelele nyingi. Kibiashara haikufanikiwa, kwani ziliundwa 54 tu.

Tano kati ya hizo, za aina ya Super VC10, zilikuwa za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na nchi zetu. Kwa kuwa wenye shirika walikuwa zaidi ya mmoja, ndege ziligawanywa katika madaftari matatu ya usajili. Uganda ilipata mbili, 5X-UVA na 5X-UVJ. Kenya ilipata moja, 5Y-ADA. Tanzania ilipata mbili, 5H-MMT na 5H-MOG, yenye namba za kiwandani 882 na 885.

Ya kwanza kati ya hizo tano, 5X-UVA, iliteketea ilipokuwa ikijaribu kuruka kutoka Addis Ababa Aprili 18, 1972, na watu 43 walipoteza maisha. Nne zilizobaki ziliendelea hadi mwaka 1977, shirika lilipovunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Zikarudishwa Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga la nchi hiyo na kugeuzwa kuwa ndege za kubeba mafuta na kuyagawa kwa ndege nyingine angani. Zilipakwa rangi ya kijeshi na kupewa namba mpya, kuanzia ZA147 hadi ZA150.

Kwa mtu wa kawaida, hadithi ya ndege zetu ingekuwa imeishia hapo. Wenye madaftari hawakuishia hapo, kwani namba ya chesisi ilikuwa ile ile. Ndiyo maana jeshi hilo lilipozistaafisha VC10 zake Septemba 2013, wapenzi wa ndege waliosimama kando ya njia ya kutulia walijua wanatazama nini. Septemba 24 mwaka huo ilitua katika uwanja wa Dunsfold ndege ya ZA150, iliyohifadhiwa na Makumbusho ya Brooklands. Hiyo ni 5H-MOG, VC10 ya mwisho kuundwa duniani. Siku iliyofuata, Septemba 25, ZA147 ikatua Bruntingthorpe, na baada yake hakuna VC10 nyingine iliyowahi kuruka tena popote. Hiyo ni 5H-MMT.

Kwa maneno mengine, VC10 ya mwisho kutoka kiwandani na VC10 ya mwisho kuonekana angani zote zilianza maisha yake katika daftari la usajili la Tanzania. Sikumbuki kuisoma habari hiyo katika gazeti lolote la hapa nchini kwa wakati ule, likiwamo langu.

Mapenzi haya ya kutambua ndege hayakuanza kama mchezo. Mwaka 1940, Ujerumani ilipokuwa ikiishambulia Uingereza kutoka angani, raia waliojitolea walikaa katika vituo mashambani na vilimani wakitazama juu na kupiga simu kutaja aina, idadi na mwelekeo wa kila ndege waliyoiona. Mitambo ya rada ya wakati ule ilielekezwa baharini, na adui akishavuka pwani ni macho na masikio ya watu hao yaliyomfuata. Mwaka 1941 likaanzishwa hata jarida la kuwafundisha kutofautisha ndege kwa vivuli vyake, umbo la bawa, umbo la mkia na mahali pa injini. Vita ilipokwisha, waliokuwa watoto wakati huo walibaki na ujuzi ambao haukuwa na kazi tena. Wakauhamishia katika viwanja vya kiraia.

Asili hiyo ya kivita inairudisha habari hii Kagera. Oktoba 18, 1978 ndege za MiG za jeshi la Idi Amin ziliupiga kwa mabomu mji wa Bukoba, makao makuu ya Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama mkoa huu ulivyoitwa wakati huo. Madhara ya majengo hayakuwa makubwa, lakini mishindo ilivunja vioo na watu wakaukimbia mji. Mwisho wa mwezi huo majeshi ya Uganda yakavuka mpaka na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Ndege zao zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka zikashindwa, na Novemba 3 likavunjwa kwa baruti iliyotegwa na binadamu.

Mtu aliyeishi mkoani humu miezi ile hakuhitaji jarida la kumfundisha kusikiliza anga. Lakini kutambua ni jambo jingine, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21. Ya kwanza ina pua iliyo wazi kama mdomo wa bomba na mabawa yaliyolazwa nyuma. Ya pili ina koni katikati ya pua, mabawa ya pembetatu, na kasi inayoweza kufikia mara mbili ya kasi ya sauti. Tanzania nayo ilikuwa na ndege za ukoo huo huo, baadhi zikiwa zimeundwa China kwa kufuata michoro ya MiG. Kwa mtu aliye chini, mwenye sekunde chache na hofu moyoni, ndege ya adui na ndege ya nyumbani zilikuwa na sura moja.

Gharama ya jambo hilo ililipwa Musoma. Mwanzoni mwa Novemba 1978 ndege tatu za Tanzania zilizokuwa zikirejea kambini zilidhaniwa kuwa za Uganda, zikaangushwa na wadunguaji wetu wenyewe. Mawasiliano mabovu yalichangia, lakini mzizi wa ajali ile ni swali ambalo mfuatiliaji wa ndege hujiuliza kila siku kwa starehe: ile ni ya nani?

Mwishoni mwa Machi 1979 ndege kubwa ya Libya ya kudondosha mabomu, Tu-22, iliyotumwa kuupiga mji wa Mwanza, ilikosea shabaha na mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Kisiwa cha Saanane. Waliokufa ni wanyama. Aprili 7 mwaka huo uwanja wa Entebbe ukatekwa na majeshi ya Tanzania, na jeshi la anga la Amin likafikia mwisho wake.

Habari hizi zimechambuliwa kwa kina nje ya nchi. Wapo watafiti na wapenzi wa ndege walioorodhesha MiG za Uganda moja moja, kwa namba na rangi zake. Kisichokuwamo katika orodha zao ni kile walichokiona watu wa chini: ndege zilipita upande gani, saa ngapi, ziliruka chini kiasi gani, watu walijificha wapi. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1978 sasa amevuka miaka 60, na waliokuwa watu wazima wakati ule wanazidi kupungua.

Inawezekana sababu mojawapo ya ukimya wetu ni kwamba tumezoea kuihusisha kamera na ujasusi. Hilo si la Afrika peke yake. Novemba 2001 wafuatiliaji 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa nchini Ugiriki baada ya kuhudhuria siku ya wazi katika kambi ya anga ya Kalamata. Walikaa mahabusu wiki kadhaa. Aprili 2002 walitiwa hatiani, wanane wao wakihukumiwa vifungo vya miaka mitatu, kabla ya mahakama ya rufaa kuwaachia huru Novemba mwaka huo huo. Kilichowaponza ni madaftari yao. Ilikuwa vigumu kueleweka kuwa mtu mzima mwenye akili timamu husafiri kwa gharama zake kwenda kuandika namba za ndege, akarudi nyumbani akaridhika.

Hata ndege kongwe zenyewe huonja joto la mashaka hayo. Novemba 2016 msafara wa ndege za miaka ya 1920 na 1930 uliondoka kisiwa cha Krete, Ugiriki, kwenda Cape Town, ukifuata njia ya marubani wa zamani. Walipofika Gambella, Ethiopia, walizuiliwa kwa siku kadhaa, kisha wakaendelea hadi Kenya na Tanzania, wakapita karibu na Kilimanjaro na kufika Zanzibar. Kwa muda mfupi wapigapicha wa ukanda huu walipata nafasi ya kuona ndege zilizofunikwa kwa kitambaa, ambazo rubani wake hukaa nje akipigwa na upepo, zikipita mbele ya mlima.

Njia hiyo ina jambo la karibu nasi zaidi. Februari 28, 1931 ndege ya kwanza ya barua kutoka London kuja Afrika Mashariki iliondoka uwanja wa Croydon, na mwisho wa safari yake ulikuwa Mwanza. Kipande cha kusini cha safari kilifanywa na ndege za kutua majini. Ziwa Victoria, ambalo mawimbi yake yanapiga Bukoba, lilikuwa uwanja wa ndege wa kimataifa kabla ya miji yetu mingi kuwa na barabara ya changarawe.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inaweka masharti kuhusu maeneo yanayolindwa, na viwanja vya ndege vina utaratibu wake. Hilo linaeleweka, hasa kwa nchi iliyowahi kupigwa mabomu. Ugumu ni kwamba raia hana njia rahisi ya kujua mpaka uko wapi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuzuiwa kupiga picha ya mabaki ya ndege ndogo yaliyoota majani kando ya kiwanja kimoja, na alipouliza kibali hutolewa na nani, aliyemzuia naye hakujua. Ushauri kwa mwenye hamu ni wa kawaida: aulize kwanza, kwa uongozi wa kiwanja, na kamera ikiwa bado mkobani. Hapa Murongo asisahau pia kwamba daraja la mpakani na kituo cha forodha si mahali pa kujaribia lenzi mpya.

Majirani wetu wametangulia kidogo. Klabu ya ndege ya Nairobi, Aero Club of East Africa, ipo tangu mwaka 1927. Mei 2022 jeshi la anga la Kenya lilifanya maonesho ya ndege katika bustani ya Uhuru Gardens jijini humo, wananchi wakapiga picha hadharani bila kuulizwa na mtu. Entebbe nako, katika ufukwe wa Aero Beach, mabaki ya ndege kuukuu yamekuwa kivutio ambacho familia hupigia picha za Jumapili. Sisi ndege za jeshi tumezoea kuzitazama zikipita sekunde chache katika sherehe za kitaifa, basi.

Pamoja na hayo, watu wa Kagera wameshaonesha thamani ya picha ya raia, ingawa katika siku ambayo hakuna aliyeitamani. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 kati yao wakafariki dunia. Picha zilizoionesha dunia wavuvi wakiizunguka ndege hiyo kwa mitumbwi zilitoka katika simu za wananchi waliokuwa ufukweni.

Picha za simu zina tarehe ndani yake na hazitapata shida kutambuliwa. Zilizo hatarini ni za karatasi. Katika masanduku na albamu za familia za mkoa huu zinaweza kuwamo picha za watu waliosimama mbele ya Dakota za Shirika la Afrika Mashariki, za askari aliyerudi kutoka Entebbe mwaka 1979, au za vipande vya chuma vilivyookotwa shambani. Mwenye nayo aitazame ubavuni mwa ndege kwa kioo cha kukuzia. Herufi VR-T zitamwambia kuwa picha ni ya enzi za mkoloni au miaka ya mwanzo tu ya Uhuru, na 5H kuwa ni ya baadaye. Kisha amuulize mzee aliye hai nani amesimama pale, na ilikuwa wapi. Majibu ayaandike nyuma ya picha kwa penseli laini bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu hupenya karatasi na baada ya miaka huonekana upande wa mbele, usoni mwa watu.